Je, Wajua? Nyuki Akishaondoka, Mwiba Wake Huendelea Kumtia Mbwa Sumu

Nyuki akishamuuma mbwa, hajiondoi akiwa mzima. Mwiba wake una meno madogo yaliyoelekea nyuma, kama chembe ya mshale, na ngozi ya mnyama huyashika. Nyuki anapojivuta, sehemu ya tumbo lake hunyofoka. Yeye huenda kufa, lakini nyuma huacha mwiba, mfuko wa sumu, misuli midogo na mishipa ya fahamu inayoiendesha. Misuli hiyo haijui kwamba mwenyewe hayupo tena. Inaendelea kuuzamisha mwiba na kusukuma sumu. Kwa sababu hiyo, anayeuliza amfanyie nini mbwa aliyeumwa na nyuki aanze kwa kuhesabu sekunde, kabla ya kufikiria dawa yoyote.

Mimi nilizipoteza sekunde hizo katika shamba la minazi nje ya mji wa Malindi. Nyuki hupenda tembo la mnazi, na kibuyu kikishushwa mtini mara nyingi huja na nyuki wawili watatu wanaozunguka mdomoni mwake. Mbwa wa mjomba wangu, mchanga bado, aliruka kumdaka mmoja. Akalia, akaanza kujisugua mdomo mchangani. Mzee mgema akanipigia kelele kutoka kwenye shina la mnazi: “Usiushike kwa kucha, mwanangu, utamkamulia sumu yote! Lete kisu uukwangue.” Nikakimbilia jikoni. Kisu chenyewe kilikuwa kimeenda kuparia samaki kwa jirani. Niliporudi, mdomo wa mbwa ulikuwa umeumuka kama hamri kikaangoni.

Mzee alinipa alichofunzwa, na ushauri wa “kwangua, usifinye” umeandikwa hata katika vitabu vya huduma ya kwanza. Ila umepimwa. Mwaka 1996 watafiti watatu wa Marekani, Visscher, Vetter na Camazine, walifanya majaribio ya miiba ya nyuki mkononi: mingine ikafinywa kwa vidole, mingine ikakwanguliwa. Uvimbe haukutofautiana. Kilichouongeza uvimbe ni kuchelewa, hata kwa sekunde chache. Vipimo vingine vinaonyesha kwamba angalau asilimia 90 ya sumu huwa imeshatoka mfukoni ndani ya sekunde 20, na ikifika dakika 1 mfuko uko mtupu. Kwa hiyo ukiuona mwiba, ung'oe hapo hapo kwa ulichonacho, iwe ni ukucha, kadi ya benki au ncha ya leso. Ukiwa umechelewa, utoe hata hivyo, lakini usimtese mnyama ukitafuta kibanzi ambacho kimeshamaliza kazi yake. Na kama aliyemuuma ni nyigu, hutauona mwiba, kwa kuwa wa nyigu huchomoka mzima, naye huweza kurudia kuuma mara nyingi.

Hapa pwani kuna jambo la kusemwa wazi, kwa sababu limewahi kumfanya mtu mwema asite. Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Kusaidia hakukatazwi. Vaa glavu, au jifunge mfuko wa plastiki mkononi, mtoe mwiba, kisha ujitwaharishe kama unavyojua. Maji yapo na udongo upo. Mnyama hana wa kumsemea.

Ukishatoa mwiba, weka kitambaa chenye maji baridi, au barafu iliyofungwa kitambaani, kwa dakika 10 hivi, upumzishe, urudie. Siki, magadi, kitunguu na chumvi havina ushahidi wa kutegemewa, kwani sumu imeshaingia chini ya ngozi na kinachopakwa juu hakiifikii. Mafuta ya taa ni hatari zaidi, maana mbwa atayaramba. Usimpe dawa za maumivu za watu pia. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo, na kipimo cha panadoli kinachomfaa mtu mzima kinaweza kumdhuru mbwa. Vidonge vya mzio hutumika kwa mbwa, lakini kipimo chake hufuata kilo, na dawa za maji za mafua mara nyingi zimechanganywa na vitu vingine visivyomfaa. Mpigie daktari wa mifugo kwanza.

Sasa, ni lini ushtuke? Uvimbe wa mdomo peke yake, hata ukimbadilisha sura mbwa, kwa kawaida hupungua baada ya siku moja au mbili. Mbwa huumwa zaidi puani, mdomoni na miguuni kwa kuwa wanyama hawa huichunguza dunia kwa pua, na kinachoruka hukidaka. Cha kuogopa ni dalili inayotokea mbali na pale mwiba ulipoingia. Akianza kutapika, kuharisha, kulegea miguu au kuanguka, hasa ndani ya nusu saa ya kwanza, huo ni mzio mkali wa mwili mzima. Kwa mbwa, mzio wa namna hii hulishambulia sana ini na tumbo, ndiyo maana kutapika huweza kutangulia shida ya kupumua. Mwinue mdomo uangalie fizi. Zibonyeze kwa kidole, uachie. Zikiwa nzima hupauka kisha hurudisha uwaridi wake kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Zikibaki nyeupe, mpakie kwenye tuktuk sasa hivi. Mwiba mmoja unatosha kumfikisha huko mbwa mwenye mzio, na kinachomwokoa ni sindano ya adrenalini na dripu mikononi mwa daktari.

Mwiba wa kooni au kwenye ulimi nao hauna subira, kwa kuwa uvimbe huziba njia ya hewa. Hapa hali ya hewa yetu inaongeza tatizo. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema. Katika joto la Malindi la Februari na Machi, kabla ya masika, mbwa aliyevimba mdomo na koo anashindwa kuutoa moto mwilini, akaweza kuzidiwa na joto wakati wewe unahangaikia sumu tu. Mtie kivulini, mlowanishe tumbo na nyayo, na umwachie upepo wa bahari umpate. Usimmiminie maji wala maziwa kinywani kwa nguvu. Maziwa hayaondoi sumu ya nyuki, na yakipotea njia yanaingia mapafuni.

Kuvamiwa na kundi ni habari nyingine kabisa. Nyuki anapouma huachia harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake waje kuuma pale pale. Nyuki akipondwa, harufu hutoka pia. Huku kwetu nyuki hujificha kwenye mapango ya mibuyu, ndani ya kuta za magofu na chini ya mapaa, na anayefungwa karibu na hapo ni mbwa wa ulinzi. Naomba mwenye mbwa alisikie hili: mnyororo ndio unaoua. Mbwa aliye huru hukimbia mbali. Aliyefungwa huzunguka nguzo huku nyuki wakiongezeka. Kama wameshamvamia, usimwendee ukiwa wazi. Jifunike uso na mikono kwa nguo nene ya rangi isiyo nyeusi, mfungue, mwingize chumbani au garini na ufunge madirisha. Nyuki wachache wataingia nanyi, lakini wengi wao hukimbilia mwanga wa kioo. Wanaobaki kwenye manyoya huuawa na maji ya sabuni, kwani sabuni huyawezesha maji kuingia kwenye matundu ya kupumulia ambayo maji matupu huteleza juu yake. Wanyunyizie hayo badala ya kuwaponda kwa kofi.

Madaktari wa mifugo hukadiria kwamba miiba 20 kwa kila kilo ya uzito yaweza kuua hata mbwa asiye na mzio. Koko wa kilo 15 angehitaji kama 300, na mtoto wa mbwa wa kilo 4 angeuawa na 80. Mbwa huugua sana kabla ya kufikia idadi hiyo, kwa hiyo akiumwa mara nyingi usingoje kuona kama “atakaa sawa”. Sehemu kubwa ya sumu hiyo, kama nusu ya uzito wake ikikauka, ni protini ndogo iitwayo melitini. Ikishirikiana na kimeng'enya kilichomo humo humo, hupasua chembe nyekundu za damu na kuharibu misuli, na mabaki yake huenda kuziba figo.

Madhara hayo huchelewa. Mbwa anaweza kuamka asubuhi akitikisa mkia, kila mtu akashukuru, kumbe figo zinalemewa. Kwa siku tatu tazama mkojo wake, ikiwezekana juu ya sakafu ya saruji au mchanga mweupe unaoonyesha rangi. Ukiwa mwekundu au wa kahawia kama chai ya rangi, au akikojoa kidogo sana, mrudishe kwa daktari. Mweleze saa aliyoumwa, idadi ya miiba uliyotoa, na alitapika mara ngapi. Yule wa mjomba alikuwa na mwiba mmoja tu, na mkojo wake ulibaki wa kawaida siku zote tatu. Mzee mgema alikuja kila alasiri kumtazama, na siku ya pili aliniuliza tena habari ya zile sekunde 20. Tangu hapo vibuyu hushushiwa upande wa pili wa ua, mbali na mlango anapolala mbwa.