"Shule Imejaa, Tujenge": Dhana Zinazoziponza Shule Binafsi Zinapotaka Kukua

Wamiliki wengi wa shule binafsi hapa Tanzania hupanga ukuaji kwa macho. Darasa la awali limejaa, Desemba wazazi wanabisha hodi ofisini kuulizia nafasi, basi fundi anaitwa. Hawa ni watu wanaojituma, wengine wameuza viwanja vyao ili shule isimame. Ndiyo maana inauma kuona shule ya namna hiyo ikikwama na ghorofa lenye vyumba vitupu juu na deni la benki chini.

Dhana: Shule imejaa, kwa hiyo inakua.

Shule inaweza kujaa chini huku inavuja juu. Kaa na daftari la uandikishaji jioni moja, kalamu ya risasi mkononi. Tafuta watoto walioanza darasa la kwanza mwaka fulani, kisha wafuate jina kwa jina: nani alifika la pili, nani la tatu, nani alihama na kwa sababu gani. Tuseme walianza 60, darasa la nne wakawa 47, darasa la sita 33. Ukifanya hivyo kwa kila darasa na kujumlisha mapengo, unaweza kukuta shule nzima imepungukiwa watoto 100, na anayepita getini haoni, kwa kuwa awali imefurika. Zuia nusu tu ya uhamaji huo, umepata watoto 50 bila kununua tofali hata moja.

Sababu za kuhama mara nyingi zinajulikana kwa walimu kabla hazijamfikia mmiliki: gari la shule limeacha njia fulani, mwalimu wa hisabati kaondoka katikati ya muhula, ada imepanda bila mzazi kuambiwa mapema. Na ipo moja ambayo shule inajifanyia yenyewe, nayo ni kuchuja.

Dhana: Tukishika namba kwenye matokeo, wazazi watakuja wenyewe.

Kwa dhana hii shule huwaondoa au kuwakaririsha darasa watoto wenye wastani mdogo ili matokeo yapendeze. Wizara ya Elimu imekataza tabia hiyo, na hesabu zake nazo ni mbaya. Mtoto aliyeondolewa darasa la sita ni ada iliyopotea, ni wadogo zake wawili ambao hawatakuja, na ni mama anayesimulia mtaani. Tena, tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, limeacha kutangaza orodha ya shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Tangazo la bure ambalo shule nyingi zilikuwa zikilisubiri halipo tena.

Dhana: Watu wanaongezeka, wanafunzi hawatakosekana.

Ni kweli, sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, kutoka 44,928,923 mwaka 2012. Lakini mwanafunzi wako anatoka mitaa inayofikiwa na basi lako, kwa mzazi anayemudu ada yako. Tangu 2016 shule za kawaida za serikali hazitozi ada ya msingi wala ya sekondari hadi kidato cha nne, na zipo za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio pale Upanga. Hesabu mitaa yako, achana na takwimu za taifa.

Dhana: Msingi ukishasimama, kinachofuata ni sekondari.

Hapa naomba kila mwenye shule ya msingi atulie, kwa sababu muda unakwisha.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne wanamaliza la saba mwaka huohuo. Madarasa mawili yanatoka kwa pamoja, na Januari 2028 yote yanatakiwa kuingia kidato cha kwanza.

Wengi wameishia kuona neema ya sekondari: wanafunzi mara mbili! Lakini kundi hilo ni moja tu. Litakuwa kidato cha pili 2029, cha nne 2031, kisha limekwenda. Uandikishaji wa 2029 unarudi kuwa wa darasa moja. Anayejenga majengo ya kudumu kwa kipimo cha 2028 ajiulize nani atayajaza kuanzia 2032, wakati mkopo bado unalipwa.

Upande wa pili unasahaulika kabisa. Shule ya msingi yenyewe inapoteza darasa zima. Kama una watoto 40 kwa darasa, kuanzia 2028 ada za watoto 40 hazipo, mwaka huo na miaka yote itakayofuata, huku mlinzi, umeme na mishahara vikibaki palepale. Vyumba vya darasa la saba vitabaki wazi. Huenda hivyo ndivyo vyumba ulivyokuwa unataka kukopa ili ujenge.

Na sekondari haiwi nyongeza ya msingi. Ina usajili wake, maabara zake, na walimu wa fizikia na hisabati ambao kila shule inawagombea. Ukichagua mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, ongeza karakana na vifaa vyake.

Dhana: Bweni ndiko kwenye faida.

Waraka wa Kamishna wa Elimu wa mwaka 2023 ulisitisha bweni kwa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Aliyejenga mabweni kwa ajili ya watoto wadogo alibaki nayo. Na Septemba 2024, huko Nyeri, Kenya, moto katika bweni la Hillside Endarasha Academy uliua wavulana 21. Kama huna fedha ya milango ya dharura, ya nafasi kati ya vitanda na ya walezi wa usiku, huna fedha ya bweni.

Dhana: Ada ya Januari ni mtaji wa kujengea.

Akaunti ya Januari hudanganya. Fedha ile ni ya huduma ambayo hujaitoa bado: mishahara hadi Juni, mchango wa NSSF wa asilimia 20 ya mshahara kila mwezi, chakula, mafuta ya basi. Ukiimwaga kwenye msingi wa jengo, Mei walimu wanasubiri. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, shule zilifungwa kuanzia Machi 17 na, ukiacha kidato cha sita, zikafunguliwa Juni 29. Zilizokuwa na akiba ya miezi mitatu ziliweza kuwabakisha walimu wao kwa urahisi zaidi.

Ujenzi utoke kwenye mfuko wake, wenye akaunti yake, usioguswa na mhasibu bila saini ya bodi. Na ukikopa, omba marejesho yafuate misimu ya ada, Januari na Julai, badala ya kila mwezi. Liombe hilo kabla hujasaini.