Mche Mpya Uachwe Uyumbe

Kila masika lalamiko la wanaochukua miche kitaluni ni lilelile: mche ulikuwa mrefu, ukafungwa kwenye kigingi ukakazwa, na siku kamba ilipofunguliwa ukalala chini. Watu wanalaumu mbegu. Mara nyingi kosa ni la kamba.

Mmea hauna neva, ila seli za shina huhisi zinapovutwa. Upepo ukilipinda shina, utando wa seli hutanuka na vijilango vya protini vilivyomo hufunguka. Kalsiamu, ambayo nje ya seli ni nyingi mara maelfu kuliko ndani ya ute wake, huingia kwa sekunde chache. Hiyo ndiyo taarifa yenyewe. Ndani ya nusu saa jeni husika zimeshaamka, kisha homoni, ethilini ikiwamo, hugeuza ukuaji: urefu hupungua, shina hunenepa, mizizi hushika udongo zaidi. Mtaalamu wa mimea Mark Jaffe wa Marekani aliyaeleza haya mwaka 1973 baada ya kusugua mashina. Kifauongo nacho huanza kwa mguso, lakini chenyewe hufunga majani papo hapo. Unene wa shina huchukua wiki nyingi, ndiyo maana wengi hawausadiki.

Kitaluni, tenganisheni viriba majani yasigusane. Miche ya nyanya ipitishiwe ufito juu ya vilele, taratibu, mara kumi kwa siku, majani yakiwa makavu. Yakiwa na maji mnasambaza magonjwa.

Shambani, mche unaosimama wenyewe usifungwe kabisa. Usioweza, chomekeni vigingi viwili, kimoja kila upande, nje ya bonge la mizizi. Fungeni chini kadiri inavyowezekana, isizidi theluthi ya urefu, kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliopishanishwa katikati ya shina na kigingi. Kilele kiyumbe, shina lisikwaruzwe. Waya na kamba ya nailoni hukata gome na kuziba njia ya chakula kwenda mizizini. Kagueni kila mwezi. Mwaka usipite kabla ya kufungua. Si kila aina ya mti hujibu kwa kiwango kimoja, na upepo mkali mno hudumaza, lakini tafadhali tuache kupima ubora wa mche kwa urefu peke yake.

Anayeomba kitalu kimbadilishie mche ulioanguka alete picha mbili: ya shina usawa wa udongo, na ya mahali kamba ilipokaa. Mche wenye kovu la waya haubadilishwi, na afisa wa kitalu hana mamlaka ya kuamua vinginevyo.