Cicely Tyson na kazi ya kuigiza uzee

Kila nikiwapa wanafunzi wangu wa uigizaji zoezi la kucheza bibi kizee, najua nitakachokiona. Mgongo unapinda, mkono unatafuta fimbo, sauti inaanza kutetemeka, na darasa zima linacheka. Huo ni uzee wa vichekesho. Wakishamaliza wote, nawawekea dakika za mwisho za filamu moja ya mwaka 1974 na kuwaomba wamtazame mwanamke anavyotembea, basi.

Mwanamke huyo ni Cicely Tyson, na filamu ni The Autobiography of Miss Jane Pittman, iliyorushwa na televisheni ya CBS nchini Marekani. Jane anazaliwa utumwani Louisiana, nasi tunakwenda naye mpaka anatimiza miaka 110. Mwaka 1962 anafika mbele ya mahakama ya mji, penye bomba la maji ya kunywa lililotengwa kwa ajili ya wazungu. Anatembea peke yake hadi kwenye bomba lile. Anakunywa. Anageuka, anarudi.

Tyson alikuwa na miaka 49 filamu iliporushwa. Ngozi ya bandia ilitengenezwa na mafundi wawili waliokuja kuwa magwiji, Stan Winston na Rick Baker, na kumpaka kulichukua saa nyingi. Lakini ngozi ya bandia haitembei. Kabla ya kuvaa uhusika, Tyson alikwenda kukaa na wazee katika nyumba za kutunzia wazee, akawaangalia. Ninachokiona kwenye mwendo wake ni hiki: mzee halisi hajikunji, anapigana anyooke. Jane hatetemeki ili tujue amezeeka. Anauweka mguu chini, anahakikisha ardhi imempokea, ndipo anaunyanyua wa pili. Kidevu kiko juu muda wote. Kila hatua ni uamuzi, na ndiyo maana ule umbali mfupi unaonekana kama safari ya miaka mia. Uigizaji huo ulimpa tuzo mbili za Emmy, tuzo kubwa za televisheni ya Marekani.

Huyu hakulelewa kwenye sanaa. Alizaliwa New York Desemba 1924, wazazi wakiwa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis, Karibiani. Mama yake alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli, na sinema kwake ilikuwa dhambi. Cicely akafanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya Msalaba Mwekundu, akaona Mungu hakumuumba agonge mashine maisha yote, akaingia kwenye uanamitindo, kisha uigizaji. Mama akamfukuza nyumbani. Walipatana baadaye, mama alipokuja kumwona jukwaani.

Jukwaa ndilo lililomkomaza. Mwaka 1961 alikuwa kwenye The Blacks, tamthilia ya Mfaransa Jean Genet, pamoja na James Earl Jones, Maya Angelou na Louis Gossett Jr. Miaka miwili baadaye akaonekana kwenye tamthilia ya televisheni East Side/West Side akiwa na nywele zake fupi za asili, jambo ambalo watazamaji wa Marekani hawakulizoea. Wapo wasusi waliomlalamikia kwamba anawakimbizia wateja.

Kisha kulikuja miaka ya kukataa. Filamu nyingi alizoletewa zilimtaka mwanamke mweusi awe kahaba au mtumiaji wa dawa za kulevya, naye alisema hapana hata alipokuwa hana kazi. Mwaka 1972 akapata Sounder, akicheza Rebecca, mke wa mkulima maskini, uhusika uliomfikisha kwenye orodha ya kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Alipokuwa akiitangaza filamu hiyo, mzungu mmoja alimwambia ameshangaa kusikia mtoto mweusi akimwita baba yake kwa neno lilelile analoitwa yeye na mwanawe. Tyson alisimulia mara nyingi kwamba hapo ndipo alipoamua sanaa yake itafanya kazi gani. Mimi huwa naitafuta Sounder kwa ajili ya sini moja: mume anarudi kutoka kifungoni, Rebecca anamwona kwa mbali barabarani, anamkimbilia. Hana neno la kusema. Mwili wote unasema.

Wengi wetu tunamfahamu kama Binta, mama yake Kunta Kinte kwenye Roots, mfululizo wa televisheni wa mwaka 1977. Alikuwa mzuri pale, ila muda wake ulikuwa mfupi.

Ninachotaka hasa wanafunzi wakijue ni kilichotokea uzee ulipomfika mwenyewe. Mwaka 2013, baada ya miaka 30 bila kucheza Broadway, kwenye majumba makubwa ya tamthilia ya New York, alirudi na The Trip to Bountiful, tamthilia ya Horton Foote. Carrie Watts ni ajuza anayebanwa kwenye nyumba ya mwanawe na mkwewe mjini Houston, akitamani kukiona kijiji chake kabla hajafa. Sasa mwigizaji alikuwa na miaka 88, hahitaji ngozi ya bandia, na alichokitafuta ndani ya Carrie kilikuwa usichana: kutoroka, kuimba, kurukaruka kwa furaha. Carrie anapoimba ule wimbo ambao sisi tunauimba kwenye Tenzi za Rohoni kama “Ndiyo dhamana”, watazamaji walianza kuimba naye kutoka vitini mwao, usiku baada ya usiku. Hakuna aliyewaomba. Tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya jukwaa la Broadway, aliipata kwa uhusika huo.

Mwaka 2015 akarudi tena Broadway na The Gin Game, tamthilia ya watu wawili tu, wazee wanaocheza karata katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa na miaka 90. Miaka zaidi ya 40 nyuma alikwenda kwenye nyumba kama hiyo kutazama wengine wanavyoinuka kitini. Aliyeketi upande wa pili wa meza alikuwa James Earl Jones, mwenye miaka 84, yule waliyeanza naye mwaka 1961.