Barua zinafika kwenye simu, kivinjari kinagoma: Apache na Nginx kugombea poti 80

Umeme umekatika Ngamiani, Tanga, UPS imeishiwa chaji, seva ya ofisi imezimika. Umeme ukirudi kila kitu kinaonekana kizima: simu za wafanyakazi zinapokea barua na kutuma. Ila mhasibu, ambaye barua zake anasomea kwenye kivinjari, analalamika. Akiandika anwani kwa http anapata ukurasa wa "Apache2 Default Page". Kwa https anaambiwa muunganisho umekataliwa. Lawama zote humwangukia TANESCO. Kosa lenyewe lilikuwemo kabla umeme haujakatika: Apache na Nginx, programu mbili za kuhudumia kurasa za wavuti, zinagombea poti moja, yaani mlango wenye namba ambao programu hupokelea maombi ya mtandao.

Simu zinasoma barua kwa poti 993 na kutuma kwa 587, kazi ya Dovecot (kusoma) na Postfix (kutuma). Kivinjari kinapita 80 (http) na 443 (https) kwa Nginx, kisha PHP, lugha inayoendesha ukurasa, ndipo Roundcube, ukurasa wenyewe wa kusomea barua. Kwa hiyo kama simu ziko sawa, Postfix iache ilivyo. Uliza kwanza nani kashika poti:

ss -tlnp | grep -E ':(80|443) '

Ukiona apache2 kwenye 80 na hakuna kitu kwenye 443, umeshapata jibu. Nginx ikikosa poti moja tu haiwaki kabisa, hata kama ile nyingine iko wazi. Thibitisha kwenye kumbukumbu za mfumo kwa journalctl -u nginx -b, na utakuta mstari huu:

bind() to 0.0.0.0:80 failed (98: Address already in use)

Usidanganywe na nginx -t, amri ya kukagua mipangilio. Inakagua maandishi ya faili za mipangilio na kama faili zinazotajwa humo zinafunguka, ila poti iliyoshikwa haiihesabu kuwa kosa. Poti ikiwa mikononi mwa programu nyingine bado itakujibu "syntax is ok".

Apache iliingiaje wakati hakuna aliyeiomba? Kwenye Debian na Ubuntu mara nyingi huletwa na kifurushi kingine. python3-certbot-apache, kwa mfano, kifurushi cha kuombea vyeti vya https, hakikubali kuingia bila apache2, na mtu akinakili maelekezo ya mtandaoni bila kuyasoma, anayo tayari. Siku ilipoingia, Nginx ilikuwa imeishika poti 80, Apache ikashindwa kuwaka na ujumbe wa kosa ukapita bila kusomwa. Lakini ilishaandikishwa kuwaka pamoja na mashine. Seva ikiwaka upya zote mbili zinakimbilia poti, na itakayowahi ndiyo mwenye nyumba.

Dawa:

systemctl disable --now apache2
systemctl mask apache2
systemctl restart nginx

Hiyo mask msiiruke. disable inazuia Apache kuwaka pamoja na mashine tu; bila mask, mtu au programu nyingine bado inaweza kuiwasha. Kisha pima kwa curl -I https://mail.mfano.co.tz; kwenye majibu tafuta mstari wa server, useme nginx. Kivinjari sikiamini hapa, kinaweza kukuonyesha ukurasa kilioutunza.

Ukipata kosa namba 502 badala ya Roundcube, Nginx imepona ila haimpati PHP. Linganisha njia iliyo kwenye fastcgi_pass, mstari wa mipangilio ya Nginx unaotaja soketi (faili la kuongelea na PHP), na matokeo ya ls /run/php/. Ubuntu 22.04 inakuja na PHP 8.1, 24.04 na 8.3, mashine ikipandishwa toleo, mipangilio hubaki inaita soketi ya zamani.

Kama Apache mnaihitaji kweli kwa mfumo mwingine, msiifungie kwa disable na mask; ifanyeni kama zamani bandarini kwetu Tanga, kabla kina hakijaongezwa: meli inatia nanga nje, tishari linaleta mzigo gatini. Kwenye /etc/apache2/ports.conf weka Listen 127.0.0.1:8080, badili na VirtualHost zake (mipangilio ya kila tovuti) ziwe 8080, halafu Nginx ipeleke maombi huko kwa proxy_pass.

Kuna mtego mmoja unaochelewa kufyatuka. Kama katika kuhangaika mtu aliendesha certbot --apache, faili iliyo ndani ya /etc/letsencrypt/renewal/ itakuwa na authenticator = apache. Cheti cha Let's Encrypt kinadumu siku 90, na sasa Apache imezimwa, hakitahuishwa. Kikiisha, safari hii hata simu zitagoma, maana Postfix na Dovecot kwa kawaida hutumia cheti hichohicho. Weka python3-certbot-nginx, kiombe upya kwa certbot certonly --nginx, kisha jaribu certbot renew --dry-run.

Kabla hujafunga ofisi, saa ambayo watu wameshaondoka, iwashe seva upya kwa makusudi na urudie ile amri ya ss. Ikionyesha nginx kwenye 80 na 443, nenda nyumbani.