Hapana, Wakroatia Hawakutoka Tehran

Tangu Kroatia ya Luka Modrić ifike fainali ya Kombe la Dunia 2018, kila wakicheza lazima mtu aniandikie: "Mwalimu, kumbe hawa jamaa ni Waajemi?" Wiki iliyopita nimeletewa tena, safari hii na ramani yenye mshale mwekundu kutoka Tehran mpaka Zagreb. Nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Maneno yote haya yametokana na mawe mawili ya Tanais, mji wa kale karibu na mto Don unapoingia Bahari ya Azov. Yameandikwa Kigiriki, ni ya karne ya 2 na ya 3, na katika majina ya watu yaliyochongwa humo wamo Horoathos na Horouathos. Yanakaribiana na Hrvat, jina ambalo Wakroatia hujiita wenyewe. Wanaisimu wengi huona kwamba jina hilo huenda lina asili ya Kiirani. Mpaka hapo sina ugomvi.

Ila "Kiirani" hapo ni jamii ya lugha! Wasarmati na Waalani, wafuga farasi wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, walisema lugha za jamii hiyo, na Waoseti wa Kaukazi wanaisema mojawapo hadi leo. Kuwatoa Tehran ni sawa na kusema Mzulu katokea Dodoma kwa kuwa lugha yake na Kigogo zote ni za Kibantu. Isitoshe, jina husafiri bila mwenyewe. Wabulgaria wamerithi jina la watu waliosema Kituruki, na leo wanaongea Kislavi, ndugu wa Kirusi. Wafaransa wanaitwa kwa jina la Wafaranki, kabila la Kijerumani, na lugha yao ni mtoto wa Kilatini. Kikroatia ni Kislavi, sarufi na msamiati. Horoathos mmoja kwenye jiwe hafanyi taifa.

Wengine hunijia na wale ndugu watano. Kaisari Konstantino wa 7 wa Bizanti, katikati ya karne ya 10, alimwandikia mwanawe kitabu cha utawala, na humo Wakroatia wana hadithi mbili zisizopatana. Katika moja, ndugu watano na dada zao Tuga na Buga wanatoka Kroatia Nyeupe huko kaskazini na kuwapiga Waavari, wapanda farasi wa kutoka nyikani, katika Dalmatia, pwani ya Kroatia ya leo. Katika nyingine, wanafanya hivyo kwa amri ya Kaisari Heraklio (610–641). Msomaji wa pwani ameshaanza kutabasamu: baba, wana sita na majahazi saba kutoka Shiraz, mmoja akashukia Kilwa. Hadithi hizi tunazijua. Hii ya Heraklio imeandikwa miaka 300 baadaye na mtu mwenye maslahi yake: ikiwa ardhi ilitolewa na kaisari, basi Konstantinopoli, makao ya kaisari, bado ni mwenye shamba.

Sasa niungame. Nilifundishwa kwamba Wakroatia walifika Dalmatia karne ya 7, nami nikafundisha hivyo kwa miaka. Lakini hakuna hati ya karne hiyo inayowataja Dalmatia. Hati ya mtawala wao Trpimir, ya 852, inayowataja, tunayo kwa nakala za baadaye tu. Na makaburi yenye panga na spuri (vyuma vya kisiginoni vya kuchomea farasi) za Kifaranki yanaanza mwishoni mwa karne ya 8, ndiyo maana wapo wanaosema kundi lenye jina hili liliingia karibu na 800, Wafaranki walipokuwa wakiwavunja Waavari. Zamani niliwacheka. Siku hizi sicheki. Waslavi walikuwa wameshatangulia, hilo sina shaka nalo. Jina la Hrvat pengine lilianza kama la tabaka la wapiganaji.

(Na Tomislav, anayehesabiwa mfalme wa kwanza wa Kroatia, kuvikwa taji 925? Barua ya Papa inamwita mfalme. Taji ni la wachoraji.)

Ukitaka kitu cha kushika, kiko Šopot, karibu na Benkovac: vipande vya kizuizi cha madhabahu, vya miaka ya 880 hivi, na juu yake jina la Branimir likifuatwa na DVX CRVATORVM, mtawala wa Wakroatia. Kilatini, kanisani.

Rasimu hii nimemtumia yule wa ramani. Amejibu: "Kwa hiyo Modrić ni Mgogo?"