Akili bandia si katalogi ya maktaba

Wengi hudhani ukiiomba akili bandia marejeo ya makala, huyatoa mahali yalipohifadhiwa. Sivyo. Modeli ya lugha, yaani programu inayoiwezesha akili bandia hiyo kuandika, hupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Mwandishi wa kweli anaweza kubandikwa kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, tena kwa muhtasari mtamu. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilitoa orodha ya vitabu 15 vya kusoma wakati wa kiangazi, iliyotungwa kwa msaada wa akili bandia. 10 havikuwepo kabisa. Hata programu zinazopekua intaneti huweza kutaja chanzo halisi na kukisingizia jambo kisilolisema (kosa hili, naona, ndilo gumu zaidi kulinasa). Mhariri hana budi kufungua chanzo chenyewe. Kuiuliza programu ileile kama ina uhakika hakusaidii: inaweza kuapa kwamba kitabu kipo.