Kugawa viti si kuchora mipaka

"Texas imejiongezea viti vitano." Mwaka 2025, bunge la Texas lilipochora upya ramani yake ya uchaguzi, yaani mipaka ya maeneo yanayochagua wabunge, bila hata kusubiri sensa mpya, niliisikia sentensi hiyo hadi ikanichosha. Texas haikujiongezea hata kiti kimoja. Kabla ya ramani ile ilikuwa na viti 38 katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, na baada yake ikabaki na 38.

Kugawa viti kwa idadi ya watu maana yake ni hii: baraza lina idadi maalumu ya viti, nchi ina sehemu zake, na kila sehemu inapewa viti kwa kadiri ya watu iliyo nao. Marekani huvigawa viti 435 kwa majimbo 50 baada ya kila sensa ya miaka kumi, na hakuna jimbo linalokosa angalau kimoja. Wanaohesabiwa ni wakazi wote, hata watoto wachanga, si wapiga kura tu. Basi.

Kinachotuchanganya, nadhani, ni maneno yetu wenyewe. Tunayo kugawa na kugawanya, na tunayatumia kama pacha. Kamusi hazikatazi, lakini sikiliza: mwalimu akigawa madaftari, swali ni nani apate mangapi. Akiligawanya darasa, swali ni mstari upite wapi, na nani aangukie upande gani. Viti hugawiwa, ardhi ndiyo hugawanywa.

Halafu kuna neno jimbo. Mtanzania akilisikia humkumbuka mbunge wake, kwa sababu kwake jimbo ni jimbo la uchaguzi. Mkenya hapo husema eneo bunge, na ukimtajia majimbo atawaza ule mvutano wa serikali za mikoa wakati wa uhuru, mwaka 1963. Juu ya hayo yote, sote tunaiita Texas jimbo. Sasa mtu akiandika kwamba "majimbo ya Marekani yamegawanywa upya", msomaji aelewe nini?

Kazi zenyewe wala hazifanywi na mikono ile ile. Kugawa viti ni hesabu: idadi za sensa zinaingizwa kwenye kanuni iliyotumika tangu 1941, jibu linatoka, na hakuna chama kinachoshika kalamu. Kuchora mipaka ndani ya jimbo ni siasa, na mara nyingi huwa mikononi mwa bunge la jimbo lenyewe. Hila ya kuipinda mipaka ili chama kifaidike ilipata jina lake la Kiingereza, gerrymandering, kutokana na Elbridge Gerry, gavana wa Massachusetts aliyetia saini ramani ya namna hiyo mwaka 1812.

Hesabu nayo ina vituko vyake, maana watu hawagawanyiki bila baki na nusu kiti hakikaliwi. Baada ya sensa ya 1880, kwa kanuni ya siku hizo, ilibainika kwamba baraza likiwa na viti 299 Alabama ingepata 8, lakini likiongezwa kiti kimoja na kufikia 300, Alabama ingebaki na 7. Na baada ya sensa ya 2020 New York ilipoteza kiti kimoja: ingehesabiwa na wakazi 89 zaidi, huku kwingine kote kukibaki vile vile, kingebaki chake. Hakuna mchoro wa mipaka ambao ungekiokoa kiti hicho.

Kwa hiyo, ukilizungumzia tena lile la Texas, sema kwamba chama kimoja kilichora mipaka kikitaraji kushinda viti vitano zaidi kati ya vile vile 38. Hiyo 38 yenyewe itasubiri sensa ya 2030.